Mchi Mfupi na Maswali Mia

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri mnisikilize. Au hapana, msikae. Simameni, mtembee chumbani na karatasi mkononi, mtanielewa upesi zaidi. Mimi si mtu wa vitabu. Darasa nililomaliza ni la pili, na hilo la pili lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Haya ninayoyaandika sikuyasoma popote. Yalinipata.

Juzi asubuhi, hapa Buffalo, Marekani, niliamshwa na harufu. Nje theluji ilikuwa imefunika ngazi yote ya mlango wa mbele, na hita ilikuwa inakohoa kama mzee. Kutoka jikoni ikaja harufu ya karanga zilizokaangwa zikipondwa kwenye kinu cha mti, ile harufu ya mafuta yanapoanza kutoka na kushika ncha ya mchi. Nyuma ya harufu ukaja mlio. Du. Kimya. Du. Kimya. Sikuinuka. Nilikuwa nimelala mwanamke mwenye wajukuu na magoti mabovu, ghafla nikawa na miaka kumi na moja.

Tulikuwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, baada ya kutoka kwetu Burundi. Tulikuwa wanne: mama, mimi, na wadogo zangu wawili. Baba hakufika. Hilo nimelisema, na sitalirudia.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, mbele yake uwanja uliofagiliwa mpaka ukang'aa, na katikati ya uwanja kinu. Michi ilikuwa miwili, mrefu wa mama na mfupi wangu. Muhogo mkavu ulitwangwa kila siku, kwa sababu kila siku watu hula. Tulitwanga kwa kupokezana katika kinu kimoja, wake ukipanda wangu unashuka, na ole wako ukose zamu. Michi ikigongana, mkono unakufa ganzi hadi begani, na unga unaruka kwenye macho. Vumbi lile la muhogo lilikuwa na harufu chachu kidogo, lilikaa kwenye nyusi zetu, na jioni mimi na mama tulionekana kama vikongwe wawili.

Mwaka huo niliandikishwa komunyo ya kwanza. Katekista wetu aliitwa Bartazari, mtu mwembamba mwenye koti moja la heshima na fimbo ya mkaratusi. Maswali na majibu ya dini yalikuwa kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa bado naota kwa Kirundi. Maneno yale niliyapanga kichwani kama mtu anavyopanga matofali ya nyumba asiyoijua, moja juu ya jingine, basi. Padre angekuja baada ya mavuno kutuuliza mmoja mmoja. Atakayeshindwa angebaki mwaka mzima kwenye benchi la mbele pamoja na watoto wanaonyonya vidole, na mimi nilikuwa mrefu tayari, nikiingia kanisani nainama. Mama alikuwa ameshaahidiwa gauni jeupe la kuazima. Fikirieni aibu ya kulirudisha halijavaliwa.

Bartazari alikuwa na sheria yake. Ukisoma, mikono ifungwe kifuani, mgongo unyooke, miguu isicheze. "Anayetikisika," alisema, "neno linamdondoka." Tuliamini. Mtu aliyevaa koti kwenye jua kali kama lile, ungembishia vipi? Hata shangazi yangu, dada yake baba, aliamini. Alikuja nyumbani akamwambia mama, "Wifi, mwache mtoto asitwange. Ana maswali ya Mungu." Mama alimheshimu wifi yake. Mchi wangu ukaegemezwa ukutani, nami nikakalishwa kwenye mkeka, mgongo nao ukutani, nikae nisome.

Nani hapendi kupumzishwa? Siku za kwanza nilijiona bibi harusi. Majirani waliopita walipunguza sauti, kama wanapita penye mgonjwa. Wadogo zangu walitumwa maji badala yangu na walinikunjia uso. Nilisoma kwa sauti kubwa, swali na jibu, swali na jibu, na hatua tano mbele yangu mama akitwanga peke yake. Ilikuwa hivyo wiki mbili. Jua likanihamisha kutoka upande huu wa ukuta hadi ule. Mwishoni hata macho yangu yalikuwa yanasoma huku mimi mwenyewe nimeondoka.

Jumamosi Bartazari akatujaribu. Mimi akanipa swali rahisi, lile ambalo hata kuku waliokuwa wanalala kanisani walikuwa wanalijua. Nikafungua mdomo. Ndani patupu, kama kinu kilichooshwa. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nakiona mbele ya macho: "Mama anatwanga."

Kanisa zima likaangua kicheko. Bartazari alipiga fimbo yake chini hadi ikapasuka. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mama Anatwanga. Watoto wakinikuta kisimani, mmoja anauliza, "Mama Anatwanga, Mungu yuko wapi?" na mwenzake anajibu, "Yuko kinuni, anasubiri unga!" Nami na ndoo yangu kichwani siwezi hata kuokota jiwe.

Nilifika nyumbani nalia. Mama alikuwa kinuni. Alitazama uso wangu, akanyoosha mkono, akachukua mchi mfupi ulioegemea ukutani na kunirushia. "Shika."

Nilidhani hiyo ndiyo hukumu. Nilijua mama ameamua: huyu si wa kitabu, huyu ni wa unga. Nikaingia kwenye zamu na hasira zangu zote, nikitwanga kana kwamba kichwa cha Bartazari kimo humo ndani. Du, wake. Du, wangu. Jasho likaanza kushuka mgongoni. Halafu, mchi wake ukiwa juu, mama akatamka swali la kwanza. Kwa Kiswahili! Mama yangu, ambaye hakujua herufi hata moja, na ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa cha kununulia chumvi. Niliduwaa, nikakosa zamu, michi ikagongana.

"Zamu yako," akasema, kama vile anazungumzia muhogo tu.

Akauliza tena. Mchi wangu uliposhuka, jibu likatoka pamoja nao. Sikulitafuta. Akauliza la pili, likatoka. La tatu. Tulifika la kumi na moja kabla muhogo haujaisha. Maneno mengine aliyakata katikati, mengine aliyageuza Kirundi nusu, lakini alikuwa nayo yote, na kwa mpangilio wake. Nilimwogopa. Nilidhani ama malaika anamnong'oneza, ama yule mwingine. Nikamuuliza, "Mama, nani amekufundisha?"

"Maji yaliyosimama huota kijani," akasema. "Twanga."

Wiki tatu tulitwanga hivyo. Majirani walituletea mpaka muhogo wao, kwa kuwa sisi tulikuwa hatushibi kutwanga. Padre alipokuja, nikasimama mbele yake, mikono imefungwa kama sheria inavyotaka, na ule utupu wa kichwani ukaanza kurudi. Basi nikafanya kitu kidogo. Nikainua visigino, nikavishusha. Nikainua, nikavishusha. Majibu yakaja. Bartazari alinitolea macho, na mkono wake ukatafuta fimbo, lakini Padre alicheka akasema, "Mwache. Anacheza, lakini anajibu."

Gauni lile la kuazima liliishia magotini. Siku hiyo mama alikaanga karanga, akazitwanga, akapika mboga yenye mchuzi mzito, na kwenye sahani yangu akaongeza mara mbili. Hakunipongeza. Mama hakuwa mtu wa kupongeza. Lakini harufu ile ya karanga ndiyo iliyoniambia kwamba nimepona.

Halafu, wajukuu, nikasahau. Ndivyo tulivyo. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa, tukahama kambi hii kwenda ile, na kisa cha mchi kikabaki kuwa kichekesho cha kusimulia kwenye msiba usiku ukiwa mrefu.

Jina letu lilipotoka kwenda Marekani, mama alikataa kuandikishwa. Mdogo wake alikuwa amelala hawezi kusimama. "Mkienda wote, nani atamgeuza kitandani?" alisema. Siku ya kuondoka alinipa mchi wangu mfupi, ameufunga kwenye kitenge. Kinu kilikuwa kizito mno. "Mchi utavuka," akasema. "Kinu utakipata. Hakuna nchi isiyo na mti." Mchi mrefu alibaki nao yeye.

Tulitua Louisville, mimi na mwanangu Deo, mkewe Godeliva, na binti yao Divine, ambaye alikuwa bado anabebwa. Nilipata kazi ya kukunja mashuka hotelini, nimesimama kutwa. Kinu nilipewa na jirani Mkongomani, Mama Furaha, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa zaidi. "Bon, mama, beba tu hii kinu," aliniambia. "Miye niko na mashini, donc ile iko inakaa bure." Nikatwanga karanga Louisville miaka mitano, na sikuwahi kuumwa hata kichwa.

Miaka mitano ilipotimia, watu wetu wakaanza kuzungumzia uraia. Wakati huo mama mdogo alikuwa ameshafariki, na mama yangu amebaki peke yake kambini, na mchi wake. Deo akaulizia, akarudi na jibu fupi: mwenye uraia anaweza kumwita mzazi wake. Asiye nao hawezi. Basi sikutaka tena kujua mengine. Wengine waliutaka ule uraia kwa ajili ya pasipoti, wengine kwa ajili ya kura. Mimi nilitaka mama ashuke kwenye ndege akiwa bado ananifahamu.

Lakini kulikuwa na mtihani. Maswali mia, kwa Kiingereza. Ofisa anachagua kumi, ukipata sita umepita. Nikapewa na kijitabu cha kusomea. Maswali na majibu, kwa lugha ambayo siiotei. Bartazari alikuwa amenifuata mpaka Amerika.

Katikati ya hayo Deo akapata kazi nzuri zaidi kwenye ghala huko Columbus, tukahama. Hapo ndipo nyumba yangu ilipokosea, na ilikosea kwa heshima. Godeliva ni mkamwana mwema, sijapata kuona. Kwetu, mkamwana anayemwacha mama mkwe ashike ufagio anasemwa kanisani mpaka watoto wake waolewe. Sasa mimi nilikuwa si mama mkwe tu, nilikuwa mwanafunzi. "Mama, acha hiyo." "Mama, kaa." "Mama, una maswali yako." Nikinyanyua kikombe, ananipokea. Nikitaka kwenda dukani, Deo anawasha gari, na duka lenyewe naliona dirishani. Tulipanga ghorofa ya pili, na mzee wa chini alilalamika kwamba dari yake inapigwa nyundo. Basi kinu kikafungiwa kabatini, kimevikwa koti la Deo, kama mgeni aliyelala humo.

Nami nikakubali. Msinionee huruma, nilikubali mwenyewe. Nani hapendi kupumzishwa? Nikakaa kwenye kochi, mgongo umenyooka, mikono mapajani, kijitabu mbele yangu, nikisoma kwa sauti. Swali na jibu. Miezi minne. Nyuma yangu Godeliva anapiga deki, anasonga ugali, anasugua masufuria. Divine akirudi shule akitaka kurukaruka, namkemea: "Kaa chini, wewe! Mtu akisoma hatikisiki." Sauti ilikuwa yangu, lakini koti lilikuwa la Bartazari.

Siku ya mahojiano nilivaa vitenge vipya. Ofisa alikuwa kijana mwenye uso wa upole, na hiyo iliniuma zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumlaumu. Aliuliza la kwanza nikajibu. La pili nikajibu. La tatu, utupu ule wa kichwani ukaja. Niliujua ulipofika. La nne, kimya. La tano, kimya. Akaniuliza nitaje mmoja kati ya mito mirefu ya Marekani. Nikatafuta, nikatafuta, na kutoka chini kabisa ya kichwa changu ukaja mto mmoja tu, ule niliouvuka utotoni nikiwa nimeshika nguo ya mama.

"Malagarasi," nikasema.

Aliniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nilishindwa. Akanieleza polepole kwamba nina nafasi moja iliyobaki, kabla miezi mitatu haijaisha. Nikishindwa tena, naanza upya kutoka karatasi ya kwanza. Nikawa nafikiria magoti ya mama yangu. Magoti hayaanzi upya.

Nyumbani walinisubiri wamesimama. Nikasimulia yote, sikuficha. Nilipofika kwenye Malagarasi, Deo akatazama sakafu na Divine akajaza mkono wa sweta yake mdomoni ili asicheke. Godeliva alikuwa amerudi kwenye sinki kusugua sufuria la ugali. Bila kugeuka akasema, "Ni Mississippi, Mama. Au Missouri."

"Unajuaje?"

"Si ndiyo hivyo."

"Bendera ina mistari mingapi?"

"Kumi na mitatu." Anasugua.

"Kwa nini?"

"Makoloni ya kwanza." Anasugua.

Nikamuuliza kumi. Nikamuuliza ishirini. Alijibu yote kwa Kiingereza chake cha kiwandani, na steelwool ikikwaruza sufuria, kwara, kwara. Mwanamke ambaye hajafungua kile kijitabu hata siku moja!

"Godeliva, nani amekufundisha?"

Akageuka, mapovu hadi viwikoni, akashangaa. "Nakusikia wewe tu, Mama. Kila siku. Si ulikuwa unasoma hapo nyuma yangu?"

Hapo, wajukuu, nilisimama kama mtu aliyeketi kwenye siafu. Niliuona uwanja uliofagiliwa. Nilijiona kwenye mkeka, mgongo ukutani, na mama hatua tano mbele yangu, jasho likimtoka, anatwanga na kusikiliza. Malaika hakuwepo, wala yule mwingine. Mimi ndiye niliyemfundisha mama! Wiki mbili nilimsomea bila kujua, na yeye aliyekuwa anatwanga alishika yote, na mimi niliyekuwa nimekaa yalinipita kama maji juu ya jani la mgomba. Miaka arobaini nilikuwa nacho kile kisa, na nilikuwa nakichekea tu.

Nikafungua kabati, nikakivua kinu koti la Deo. "Mama, mzee wa chini…" akaanza Deo.

"Nani kasema humu ndani? Beba. Divine, vaa viatu, chukua kijitabu."

Tulikiweka kinu nyuma ya jengo, kwenye nyasi karibu na mahali pa kuegesha magari. Ilikuwa mwezi wa tano, hewa inanukia majani yaliyokatwa. Mikono yangu ilikuwa imelegea kwa miezi minne ya kochi. Siku ya kwanza nilitwanga karanga dakika chache tu nikaona nyota, na swali la nyota za bendera nikalijibu bila kuulizwa. Divine alisimama mbali kidogo, kofia imeshuka hadi kwenye pua.

"Bibi, people are looking!"

"Macho hayana pazia. Soma swali."

Akasoma mchi ukiwa juu. Nikajibu ukishuka. Mi, si, si, pi: mapigo manne kamili, utafikiri mto ule ulipewa jina na mtu anayetwanga. Baada ya wiki moja Divine alichoka kusimama akadai mchi naye, tukapokezana, nikasikia mtoto anasema majibu pamoja nami bila kuangalia karatasi. Mzee wa chini alitoka na mbwa wake kuja kulalamika tena. Divine akamweleza. Akatusikiliza kitambo, akaenda zake. Kesho yake, akipita na mbwa, akapaza sauti kuniuliza maseneta ni wangapi. Nikamtupia jibu bila kusimamisha mchi, naye akapiga saluti. Tangu hapo alikuwa ananivizia na swali kila asubuhi, na siku nilipokosa moja alisikitika kuliko mimi.

Siku za mvua tulitembea. Tulipita mitaa ya Clintonville, pale pale Columbus, yenye nyumba za vibaraza na miti mikubwa, mwavuli mmoja, Divine anauliza, mimi najibu kwa hatua. Nikikosea, tunarudi nyuma hadi kwenye mti uliopita, tunaanza tena. Gari la Deo nililikataza. Godeliva aliona aibu, nikamwambia, "Wakikusema kanisani, waambie waje waniulize mimi."

Siku ya mtihani wa mara ya pili nilikataa lifti. Nilipanda ngazi, Deo nyuma yangu anahema, analalamika, "Mama, lifti ipo!" Kwenye chumba cha kusubiri nilitembea kutoka ukuta huu hadi ule mpaka mlinzi akaniomba nikae. Nikakaa. Nilipoitwa, moyo ulikuwa bado unapiga vizuri, du, du. Ofisa alikuwa mwingine, mwanamke. Chini ya meza yake, ambako hakuona, nikainua kisigino nikakishusha.

Nilijibu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano, la sita. Akaacha kuuliza. Nilimngoja aendelee, maana lile swali la mto hakuniuliza, na mimi nilikuwa nao mkononi. Akasema nimepita. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Niulize mto." Akacheka, akaniuliza. Nikamjibu kwa mapigo manne.

Ndipo miguu ikagoma. Miguu iliyonibeba kutoka Burundi ilikataa kunibeba hatua kumi hadi mlangoni. Nilikaa pale nikatoa pumzi, ikatoka ndefu, ndefu, kana kwamba nilikuwa nimeivuta Louisville na kuisahau kifuani. Deo aliponikuta alidhani nimeshindwa. Nikamwambia, "Mpigie bibi yako. Mwambie afunge mizigo."

Haikuwa rahisi hivyo, karatasi zilichukua zaidi ya mwaka, na katikati tukahamia huku Buffalo, Deo akiwa amepata kazi kiwandani. Lakini mama alishuka kwenye ndege. Alishuka akiwa ananifahamu. Aliniita kwa jina la utotoni mbele ya watu wote uwanjani, akaniambia nimenenepa. Kwenye sanduku lake zilikuwemo nguo tatu na mchi mrefu, umefungwa kwenye kitenge.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa nakiri. Tulimkalisha. Tulimpa kiti kikubwa, blanketi, runinga, chai mkononi. Deo aliupigilia mchi ule mrefu misumari ukutani sebuleni kama picha ya harusi, tukausifu. Mama akinyanyuka, watu wanne wanaruka: "Bibi, kaa!" Na mimi nikiwa wa kwanza. Mimi, mwenye kisa chote hiki! Theluji ikaingia, mama akawa hatoki kitini. Akaanza kumwita Divine kwa jina la mdogo wake aliyekufa. Akaanza kuuliza kama mvua imenyesha shambani. Daktari akasema ni umri, nami nikasema ni umri, nikaenda kulia bafuni bomba likiwa wazi.

Jumapili moja nilikaa miguuni pake nikamsimulia kisa cha katekista, ili nimkumbushe walau mimi ni nani. Nikamwambia nimeelewa sasa alichonifanyia. Kwamba alijua mwili ukifanya kazi kichwa kinafunguka, na ndiyo maana alinirushia mchi.

Mama alinitazama kwa yale macho yake ya zamani. "Kukufundisha?" akasema. "Mimi nilikuwa nataka unga. Wiki mbili nimetwanga peke yangu, mgongo unaniuma, wewe umekaa tu."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye akacheka pia, halafu macho yake yakapanda ukutani, kwenye mchi, yakabaki pale. Vidole vyake mapajani vilikuwa vinajikunja kuzunguka kitu ambacho hakipo.

Alijua au hakujua, mimi sina shida tena. Mtoto niliyekuwa alidhani ananyimwa kitabu, kumbe alikuwa anapewa. Na anayetoa si lazima ajue anatoa nini.

Majina hayajamrudia yote. Divine bado ni Divine siku nne kwa wiki, siku tatu ni yule marehemu, na amejifunza kuitika yote mawili. Lakini mama anajua ni asubuhi, anajua ni theluji, na juzi, akiponda zile karanga zilizoniamsha, aliniuliza kwa nini natia chumvi nyingi hivyo.

Jumapili ile ile nilisimama katikati ya sebule, nikawaita wote, Deo na nyundo yake, Godeliva, Divine, nikawaambia: "Shusheni huo mchi ukutani. Leteni kinu. Na kuanzia leo, mtu yeyote katika nyumba hii akisimama, hakuna wa kumwambia kaa."